Usiku zima inveta, taa zile betri moja kwa moja
Wenye sola ndogo hapa Kisumu, usiku mkibaki na taa na simu tu, zimeni inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama stima ya nyumbani. Fungeni balbu za volti 12 na chaja ya simu ya gari kwenye matundu yenye alama ya balbu ya kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri. Inveta hula hata ikikaa bure: ikivuta wati 15 kwa saa 12, hizo ni wati-saa 180. Betri ya asidi ya 12V 100Ah, usipoishusha chini ya nusu, inakupa kama wati-saa 600 tu. Karibu thuluthi umelisha sanduku linalonguruma! Ila njia hii kwa friji haifai, na waya mrefu hupoteza volti. Balbu ya choo cha nje itafifia.