Jinsi ya kujua kama mabomba ya majitaka ya mji mdogo yatatosha

Watu wengi wakipewa hii kazi wanakimbilia kompyuta, wanafungua programu na kuanza kuchora mabomba kutoka kwenye ramani ya zamani, baada ya muda wana michoro mizuri ya rangi ila ukweli ndani hamna. Anza na chemba. Fungua, pima kina mpaka chini kabisa ya bomba linaloingia na linalotoka, pima kipenyo, andika kama ni la zege au plastiki na mchanga umejaa kiasi gani. Na tafadhali sana, mtu asishuke kwenye chemba bila kipima gesi, kamba na wenzake juu, ile gesi ya haidrojeni salfaidi inaua haraka, na ikizidi pua inakufa ganzi hata harufu husikii tena.

Kwa nini nasisitiza vipimo? Chukua bomba la milimita 300. Ramani inasema mteremko ni 0.5%, yaani linashuka sentimita 50 kila mita 100, likijaa linapitisha kama lita 68 kwa sekunde ukitumia fomula ya Manning (ya kukokotoa mtiririko wa maji kwenye bomba) na ukwaruzaji, yaani jinsi ukuta wa bomba unavyozuia maji, wa 0.013. Ukienda kupima ukakuta linashuka sentimita 25 tu, uwezo unabaki kama 48. Bomba ni lile lile, ila karibu theluthi ya uwezo imepotea na ramani haikwambii.

Sasa mzigo. Tuseme watu 20,000 wameunganishwa, kila mmoja anatumia lita 120 kwa siku na 80% inarudi kama majitaka, hapo una mita za ujazo 1,920 kwa siku, wastani wa lita 22 kwa sekunde. Lakini watu hawatumii maji kwa wastani, asubuhi wote wanaoga na kupika kwa pamoja, kwa hiyo unazidisha. Fomula ya Harmon, inayokadiria saa ya matumizi makubwa kutokana na idadi ya watu, kwa idadi hiyo inakupa kama mara 2.65, unafika lita 59 kwa sekunde. Mji ukiwa mdogo zaidi kizidisho kinapanda, usikope namba ya jiji kubwa. Viwanda, shule na hospitali hesabu kivyake, bili za maji zitakusaidia.

Kwenye mvua ndo miji mingi inapofeli. Maji ya ardhini yanapenya kwenye maungio yaliyochoka, na mabomba ya paa yameunganishwa kwenye majitaka kimya kimya. Weka vipima mtiririko kwenye chemba chache muhimu pamoja na kipima mvua, viache vipitie kiangazi na mvua kubwa kadhaa. Angalia saa nane mpaka saa kumi usiku, watu wamelala, kama bomba bado linatiririka kwa nguvu na hakuna kiwanda cha usiku basi sehemu kubwa ni maji ya ardhini.

Ukishapata hayo ndo uingie kwenye modeli, yaani kuigiza mtiririko kwenye kompyuta. SWMM, programu ya EPA (shirika la mazingira la Marekani), ni ya bure na kwa mji mdogo inatosha kabisa. Linganisha kwanza na siku kavu, ikikubali nenda kwenye mvua, halafu ijaribu na mvua nyingine ambayo hukuitumia kurekebisha. Isipokubali usianze kuchezea ukwaruzaji mpaka namba zifanane, rudi site, mara nyingi kuna bomba limeziba au chemba imeandikwa kina kisicho sahihi.

Baada ya hapo endesha hali tofauti: leo, miaka 10, miaka 20, mvua kubwa, pampu moja imekufa. Hiyo ya pampu watu wanaisahau na ni muhimu mno. Tafuta maji yanapanda wapi karibu na mfuniko, ila kumbuka chemba inayofurika mara nyingi siyo yenye tatizo, bomba finyu liko mbele yake, kule maji yanakoelekea.

Usikimbilie bomba kubwa pia. Likiwa kubwa kupita kiasi maji yanatembea chini ya mita 0.6 kwa sekunde, uchafu unatulia na linaziba, na ukipanua sehemu moja unasukuma mafuriko kwa majirani wa chini. Jaribu kwanza kwenye modeli kutoa yale maji ya mvua, ukiona chemba zimetulia basi hela iende kwenye kuziba maungio na kung'oa mabomba ya paa, halafu rudisha vipima mtiririko chemba zile zile msimu wa mvua unaofuata kabla hujaagiza bomba lolote.