Somo: kumpiga picha tai mlasamaki, Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, Lamu

Wengi huniuliza lenzi gani kabla ya kuuliza wasimame wapi. Leo twaanza na kusimama.

1. Viboko kwanza. Alfajiri ndipo wanaporudi majini kutoka malishoni, na ukiwa kati yao na ziwa kamera haitakusaidia kitu. Ngoja kupambazuke kweli, na uende na mvuvi anayezijua njia zao.

2. Upepo na jua. Tai huruka na kutua akiukabili upepo. Huku kwetu Kusi na Kaskazi zote zavuma kutoka upande wa bahari, na jua la asubuhi latokea huko huko. Basi shika ukingo wa mashariki, uipe bahari mgongo. Jua litamwangaza kifuani, na akiruka atakuja upande wako. Jioni jua limeshahamia bara ilhali upepo uko pale pale: ukipata mwanga mzuri utapata mkia, ukipata uso utapata kivuli. Mimi jioni naibeba darubini tu, natafuta mti wa kesho.

3. Mti wake. Huyu hushinda amekaa, kuwinda ni kidogo sana. Kichwa, kifua na mkia vyeupe, tumbo la rangi ya kutu, mbawa nyeusi, humkosi. Usimfukuze mti hadi mti. Kaa chini, akuzoee. Akiinama mbele, akabana manyoya, kisha akanya, kidole kiwe tayari kwenye kitufe: anaondoka.

4. Kamera. Kasi ya shata 1/2000 ya sekunde, fokasi ya kufuatilia, picha za mfululizo. Kile kichwa cheupe huungua upesi, yaani hutoka weupe mtupu bila manyoya kuonekana, kwa hiyo punguza mwanga kwa kitufe cha +/- hadi -0.7 au hata -1. Mbawa zikiwa giza utazirekebisha baadaye. Weupe ulioungua haurudi.

Maswali ya wanachama

*Maalim, nina lenzi ya milimita 300 tu. Niache?*
Usiache. Piga ndege na mahali pake: mti, maji, mtumbwi. Balaa ni kuikata picha hadi manyoya yakawa ukungu.

*Naivasha waendesha boti humrushia samaki. Nasi tufanye hivyo?*
Ni kweli, wanapiga mbinja, wanatupa samaki, tai anashuka. Picha hupatikana, lakini zote zafanana kama za pasipoti. Isitoshe, ukimzoesha tai kufuata mitumbwi, wavuvi wa Mpeketoni watakuja kukuuliza wewe.

*Nimemwona mmoja, chini mweupe, mstari mweusi umepita jichoni, akajitosa majini karibu mwili mzima. Ni kinda lake?*
La, dadangu. Huyo ni mhamiaji wa kutoka kaskazini, kwa Kiingereza osprey, naye pia hula samaki. Huku huonekana zaidi Oktoba hadi Machi. Tai mlasamaki huokota samaki wa juu juu, aghalabu hulowa miguu tu. Ila umeuliza vizuri, maana kinda lake pia lina weusi jichoni. Tazama kifua: cha kinda kina michirizi mingi ya hudhurungi, na itachukua miaka kadhaa kabla hakijawa cheupe.

*Nikiona kiota je?*
Rudi nyuma. Mzazi akilia huku amekukazia macho, umeshakaribia mno.

*Natoka Amu (Lamu) mjini. Nikivuka hadi Mokowe, bara, asubuhi nitawahi?*
Utafika jua limeshakuwa kali, bwana. Lala Mpeketoni, na umwambie wa bodaboda tangu usiku.