Kabla hujabeba spana kwenda kwenye magari ya mbio

Kila msimu wa korosho lazima aje kijana gereji, hapa Mtwara mjini, aniambie, "Fundi, na mimi nataka kwenda kwenye rali." Sawa, ila sikiliza kwanza.

Cheti: VETA, chuo cha ufundi, ipo Mtwara na ipo Lindi, usisingizie nauli ya Dar. Ukitaka uinjinia, shika hesabu na fizikia, maana injinia wa mbio siku hizi anashinda kwenye kompyuta akisoma joto la injini na mwenendo wa shokapu. Pasi ya kusafiria itafute mapema. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita mpaka Tanganyika, lakini sasa iko Naivasha, Kenya, haitakufuata Masasi. Kiingereza, jifunze.

Halafu muda. Gereji kwetu gari linalala siku tatu likisubiri bushi kutoka Kariakoo. Kwenye rali ya dunia hata matengenezo marefu ya jioni ni ya dakika za kuhesabu, na kila dakika mnayochelewa dereva anaongezewa sekunde 10.

Sasa nati. Hapa nisikilize vizuri.

Mara ya kwanza nilipochukuliwa kusaidia timu ndogo, nilikuwa nafunga tairi la nyuma. Nati zote tano nimeshazizungusha kwa vidole, bado kukaza. Mwenzangu wa mbele akaita nimshikie shokapu, nikaenda. Kurudi, jeki imeshashushwa. Nikadhani yeye kanimalizia. Yeye alidhani nimemaliza. Hakuna aliyeuliza, na aibu ya ugeni ilinifunga mdomo. Gari likatoka. Mbele kidogo tairi likawapita wenyewe, likaingia shamba la mihogo. Dereva na msoma ramani walitoka wazima, Mungu mkubwa. Stadi, zile bolti zinazoshika nati za tairi, zilikatika, mbio zikaishia pale, nami nikarudi Mtwara kwa nauli yangu.

Kwa hiyo kaza kwa spana yenye kipimo, kwa kupishana, siyo kusimama juu ya wili spana kama tunavyofanya kwenye malori ya korosho. Ukishakaza, chora mstari wa rangi toka kwenye nati hadi kwenye rimu. Bila mstari gari halishuki jeki, hata dereva atukane. Ukiitwa katikati ya kazi, sema "subiri". Ukilazimika kwenda, fungua nati zote uziweke chini; anayepita aone kabisa kwamba kazi haijaisha. Nati iliyoshikizwa kwa vidole inadanganya kuliko isiyokuwepo.

Mengine ni madogo madogo. Usiache kibarua chako, wengi wanaanza kwa kujitolea. Pete vua. Lala ukipata nafasi, hata chini ya turubai. Petroli usiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa, kuna mtu atakuwa na kiu. Na wakikwambia posho utaikuta huko huko, uliza anayo nani.