Soma ramani ya zamani kabla ya kuswaga ng'ombe milima ya Uvinza

Kabla hujaingiza ng'ombe kwenye mapori ya Uvinza, mkoani Kigoma, tafuta ramani ya topografia ya skeli 1:50,000. Hata ya miaka ya 1960 inafaa.

Anzia pembeni: mwaka wa picha za anga, na kipimo cha kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, maana ramani nyingine ni za futi. Sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini.

Sasa weka rula mlimani. Kontua zikiwa za mita 20, nawe ukahesabu nafasi tano ndani ya sentimita moja, ardhi inapanda mita 100 katika mita 500. Ng'ombe wenye ndama hawapandi hapo kwa hiari. Kontua zikijikunja kama V, tazama ncha: ikielekea juu ni korongo, ikielekea chini ni mgongo wa mlima. Masika mimi hupitisha kundi mgongoni.

Kwenye maji usiharakishe. Mstari wa bluu uliokatika-katika ni kijito cha msimu; usipange kambi hapo mwezi wa Agosti. Alama za majani penye kontua chache ni mbuga. Udongo wake mweusi hunasa kwato masika na kupasuka kiangazi, lakini nyasi zake hubaki na ubichi wakati za mlimani zimeshakauka. Hiyo ndiyo akiba yako. Izungushie kalamu.

Nafasi isiyo na nyumba, tafadhali, usiiite ardhi ya bure. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kwa sababu ya malale, na miti minene mara nyingi bado ni makazi ya ndorobo, nzi wanaoeneza malale. Halafu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowakusanya watu kwenye vijiji, ikahamisha wengine tena. Nenda kwanza serikali ya kijiji, uulize mpango wa matumizi ya ardhi na mipaka ya hifadhi.

Mwisho, simu yenye GPS. Ramani hizi zinatumia datumu, yaani msingi wa kupimia mahali, ya Arc 1960; simu inatumia ya WGS 84. Tofauti ni karibu mita 300. Mimi nilisahau kubadilisha datumu, nikalitafuta lambo kichakani jua la saa nane, ndama wakilia kwa kiu, kumbe maji yalikuwa nyuma ya kichuguu tulichokipita.

Ukifika kijijini, itandaze ramani chini mbele ya mzee, umsomee majina ya vijito, kisha umwache aseme kipi kimekufa.