Meseji za kazi hospitalini: namna ya kuzituma bila kumwanika mgonjwa

Tanga ni jiji, lakini watu wanajuana. Ukiandika kwenye grupu la wodi "yule mama muuza samaki wa Deep Sea, majibu yake yametoka", jina hujalitaja, ila kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni ameshajulikana. Programu nyingi za meseji siku hizi hufunga ujumbe vizuri ukiwa njiani, asiyehusika asiweze kuusoma. Siri huvujia kwenye simu isiyo na nywila, kwenye galari ya picha, kwenye nakala rudufu, au kwa mtumishi aliyehama kituo huku grupuni bado yumo. Mwongozo huu unashughulika zaidi na hizo sehemu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Haijalishi kama umezituma kwa simu yako na bando lako.

Programu ipi? Kama hospitali ina mfumo wake wa kutumiana ujumbe, tumieni huo. SMS ya kawaida haifungwi toka simu hadi simu, na magrupu ya Telegram nayo hayafungwi hivyo. Signal na WhatsApp zinafunga. Kati ya hizi mbili Signal inafaa zaidi, kwa kuwa haimwagi picha galarini yenyewe na haipeleki nakala mtandaoni mpaka uiruhusu. Lakini grupu ambalo nusu ya wauguzi hawamo halisaidii kitu. Kama wote wapo WhatsApp, itumieni, kisha mzibe mianya yake.

Kila mtumishi aanze na simu yake, kazi ya dakika kumi:

1. Weka nywila ya tarakimu 6 au zaidi, skrini ijifunge baada ya sekunde 30. Mchoro wa kuburuza kidole huonekana kirahisi na aliyekaa jirani.
2. Ficha maneno ya meseji skrini ikiwa imefungwa. Simu iliyolazwa mezani kwa wauguzi husomwa na kila ndugu wa mgonjwa anayekuja kuuliza dawa.
3. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, au kufuli la usajili kwenye Signal. Ile namba ya tarakimu 6 inayokuja kwa SMS usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kama Mganga Mfawidhi. Akiipata na hatua ya pili haipo, akaunti ni yake, na meseji zote mpya za grupu zinaingia kwake.
4. Kwenye WhatsApp zima picha kuonekana galarini, kisha zima nakala rudufu au uifunge kwa nywila. Nakala ya Google Drive haina ulinzi wa ujumbe wenyewe mpaka uuwashe kwa mkono wako, na wengi hawajui.
5. Kagua vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta ya wodini iliyoachwa wazi na zamu ya jana ni mlango usio na komeo.

Grupu liwe la kitengo kimoja: wodi ya wazazi peke yake, maabara na wodi peke yake. Wasimamizi wawili wanatosha, na kuingia kuwe kwa idhini yao. Weka ujumbe ujifute baada ya siku 7. Watarajali hukaa mwaka mmoja na wengine wanahamishwa, waja leo waondoka leo, kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi inchaji wa wodi alinganishe orodha ya grupu na ratiba ya zamu, na asiyekuwepo atolewe siku hiyohiyo.

Kwenye uandishi wa ujumbe wenyewe ndiko kwenye madhara makubwa. Usitaje jina kamili, lakini usitumie namba ya kitanda peke yake pia: wagonjwa huhamishwa, na wodi ikijaa hulala wawili. Tumia namba ya faili pamoja na herufi za mwanzo za majina. Herufi peke yake hazitoshi katika mji wenye akina Mwanaidi Juma wengi. Kisha fuata mpangilio wa hali, historia, tathmini, ombi. Mfano wa rufaa kutoka Pangani kuja Hospitali ya Bombo:

"Faili 4471, M.J., miaka 26. HALI: BP 170/110, kichwa kinauma sana, protini ++. HISTORIA: mimba ya pili, wiki 38. TATHMINI: kifafa cha mimba kinanyemelea. Amepewa magnesium sulfate 4 g mshipani na 10 g kwenye misuli (5 g kila tako), 14:20. OMBI: daktari wa zamu na chumba cha upasuaji viwe tayari, tunaondoka 14:40."

Angalia saa. Mmoja akiandika "saa 2" akimaanisha asubuhi, mwingine akasoma 2 ya kwenye simu, dozi inayofuata baada ya masaa manne itapotea au itarudiwa. Andika saa za mfumo wa 24, kama kwenye faili. Dozi andika 5 mg, kamwe si 5.0 mg, maana nukta ikififia inasomeka 50, andika 0.5 wala si .5, na neno "uniti" liandike lote, kwani herufi U hugeuka sifuri machoni pa aliyechoka. Zima pia urekebishaji wa maneno wa simu, una tabia ya kubadilisha majina ya dawa.

Kidole gumba si jibu. Anayepokea ombi aandike "Nimepokea, nakuja", la sivyo watu kumi wataona na kila mmoja atadhani mwenzake ameshaenda. Jambo la dharura piga simu: potasiamu ya 6.8 kwenye damu, kiwango cha hatari, haingoji mtu ashike bando. Anayepokea majibu kwa simu ayasome upya kwa sauti, kisha ayaandike kwenye faili au mfumo wa hospitali. Meseji itajifuta, faili litabaki.

Picha ya kidonda au eksirei ipigwe ndani ya programu yenyewe, kwa ruhusa ya mgonjwa, bila uso, bila lebo yenye jina. Sauti za kurekodi ziepukwe. Huchezwa kwa spika ndani ya bajaji.

Simu ikipotea, mjulishe inchaji papo hapo akutoe kwenye magrupu yote. Fungisha laini kwa mtandao wako, irudishe kwa alama za vidole, kisha jisajili upya kwenye simu nyingine. Akaunti iliyopo kwenye simu ya zamani itajitoa. Kama ni Android, ingia akaunti yako ya Google ukaifute kwa mbali, ila itafutika tu ikiwa imeunganishwa na intaneti, kwa hiyo fanya hilo kwanza, kabla hujafungisha laini na kabla mwizi hajaichomoa. Halafu nenda polisi ukachukue taarifa ya upotevu na nakala umpe mwajiri.