Spryte ya zamani imegoma kukata kona? Usifungue difu kwanza

Wenye Thiokol Spryte, zile snokati (mashine za mikanda za kutembea kwenye theluji) za zamani zilizotengenezwa kule Logan, Utah, Marekani, nawaomba sana msikimbilie kushusha difu, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kwa mikanda ya kulia na kushoto. Nyingi nilizoziona zimefunguliwa bure kabisa, shida ilikuwa bendi, yaani ukanda wa breki ulio ndani ya difu, imelegea tu.

Mashine hii haina usukani, ina liva mbili. Ukivuta ya kushoto, bendi inabana dramu ndani ya difu, mkanda wa kushoto unapunguza mwendo, wa kulia unaongeza, ndo kona hiyo. Ukivuta zote mbili inasimama. Sasa kama kulia inakata vizuri ila kushoto liva inakuja mpaka tumboni bila kubana, bendi ya upande huo imelegea au imeisha. Zima injini, weka kuni mbele na nyuma ya mikanda, safisha juu ya difu uchafu usidondokee ndani, halafu kaza nati ya kurekebishia robo mzunguko tu, jaribu sehemu tambarare, rudi kaza tena. Usikaze kwa hasira jamani! Ikizidi, bendi inasugua muda wote, mashine inavutia upande mmoja na oili inachemka. Nati ikifika mwisho na bado inateleza, hapo ndo ufungue, bendi zimekwisha.

Oili ya difu idondoshe kidogo kwenye vidole. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, imwage leo leo kabla baridi haijaigandisha humo ndani. Ikinuka kuungua na ina vipande vyeusi, ni bendi zinakufa.

Injini kwa nyingi ni Ford silinda sita, haina makuu. Starta ikizunguka kivivu na betri ni nzima, piga starta sekunde chache kisha shika ncha za waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesi. Pakiwa pa moto, kutu iko hapo hapo, fungua usugue mpaka chuma king'ae. Inazunguka vizuri ila haiwaki, angalia cheche kabla ya kugusa kabureta, maana platini (vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa kutoa cheche) zikikaa kiangazi kizima zinashika ukungu wa kijivu, pitisha msasa laini, acha nafasi kama milimita 0.6. Cheche ipo? Basi ni petroli, iliyokaa miezi inanuka kama vanishi na maji yaliyotuama chini ya tangi yanaganda kwenye mpira wa kupitisha petroli.

Mikanda nayo. Asubuhi mashine ikikataa kusogea huku injini inavuma vizuri, usilazimishe gia, mikanda imegandiana na ardhi na ukilazimisha utang'oa meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta mkanda. Gonga barafu kwa nyundo ya mpira, toa theluji iliyojibana kwenye magurudumu ya ndani, na kila jioni paki juu ya mbao.