Kutembea na mbwa mashambani Ufaransa: tazama kalenda kabla ya ramani

Njia za miguu Ufaransa zimewekewa alama vizuri. Mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, ni GR, yaani njia ndefu zinazovuka mikoa. Mstari mmoja wa njano ni PR, mzunguko unaomalizika siku hiyo hiyo. Alama ya X maana yake umekosea, rudi. Kwa hiyo mwenye mbwa hasumbuliwi sana na kupotea. Wanaomsumbua ni anaokutana nao huko: kondoo, wawindaji, viwavi, kupe. Kila mmoja ana miezi yake.

Kwanza chagua mahali. Kwenye kiini cha hifadhi za taifa za Écrins na Pyrénées mbwa haruhusiwi hata akiwa kwenye kamba. Vanoise na Mercantour nako ni marufuku, isipokuwa njia chache zilizotajwa. Cévennes wanamruhusu, mradi asifunguliwe. Kwa anayeanza, kipande kizuri ni kile cha GR 70 kutoka Le Bleymard, kupanda Mont Lozère hadi kilele cha Finiels (mita 1,699), kisha kushuka Le Pont-de-Montvert. Ni siku nzima ya mwendo, na juu ni uwanda mtupu usio na kivuli, hivyo Julai na Agosti ondokeni alfajiri.

Sheria ya kamba ni fupi. Kuanzia 15 Aprili hadi 30 Juni, ndege wanapolea makinda, mbwa hatakiwi kuwa huru msituni nje ya barabara za msitu. Miezi mingine, akiwa zaidi ya mita 100 kutoka kwako au mahali asipoisikia sauti yako, anahesabiwa kuwa anazurura. Mwenye Rottweiler, mbwa anayependwa sana kulinda nyumba kwetu, ajue kwamba Ufaransa anahitaji kibali cha kumfuga, na hadharani mbwa huyo hufungwa kamba na mdomo. Anayehamia na mbwa kutoka Kenya au Tanzania aanze mapema: chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu angalau siku 30 baada ya chanjo, kisha miezi mitatu ya kusubiri tangu damu ilipochukuliwa.

Vifaa si vingi. Mkanda wa kifuani ni bora kuliko ukosi wa shingoni; upime kwa kupitisha vidole viwili kati yake na ngozi, na ukague makwapa kila mnapopumzika, maana ukilowa mvua huchubua. Kamba iwe ya mita mbili, ya kawaida. Zile zinazojikunja zenyewe ziacheni mjini: uzi wake mwembamba hukata mkono na hunasa vichakani. Ukiifunga kiunoni, ifungue kabla ya mteremko mkali, la sivyo mbwa akivuta utaanguka nawe kifudifudi.

Maji: mbwa wa kilo 20 aliyetulia hunywa karibu lita moja kwa siku, na akitembea kwenye joto beba mara mbili ya hapo. Chemchemi yenye kibao “eau non potable” si ya kunywa. Bomba mara nyingi hupatikana makaburini, jambo ambalo watembeaji wa Ufaransa wote wanalijua. Chakula kikuu mpe jioni, saa moja hivi baada ya kufika. Mbwa mkubwa akishiba kisha akakimbia, tumbo linaweza kujipinda, na hapo ni upasuaji wa haraka.

Sasa kondoo. Kiangazi makundi huwa malishoni milimani, na tangu mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) warudi Ufaransa mwaka 1992 wachungaji wengi wanatumia patou, mbwa mkubwa mweupe anayelala katikati ya kondoo hata usimtofautishe nao. Ukiona kundi mbele, fupisha kamba mapema na uzunguke mbali, hata kama utapoteza nusu saa. Patou akija anabweka, simama. Mweke mbwa wako nyuma yako, usimwangalie patou machoni, usiinue fimbo, usikimbie. Zungumza kwa sauti ya kawaida ili ajue wewe ni mtu. Akishanusa na kutulia, rudi polepole ulikotoka. Kosa la kawaida ni kumbeba mbwa mdogo mikononi: patou atarukia juu kumfuata, na atakayeumia ni wewe.

Kwa ng'ombe mwenye ndama ushauri unageuka. Akikuvamia, achia kamba. Ng'ombe anamlenga mbwa, si wewe, na mbwa ana mbio kuliko nyinyi wote. Na kila lango ulilokuta limefungwa, lifunge.

Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni uwindaji. Kibao “chasse en cours” (uwindaji unaendelea) kikiwa barabarani, geuza njia. Vaeni rangi ya chungwa inayong'aa, wewe na mbwa. Mzoga au matumbo ya nguruwe pori asiyaguse, kwani ugonjwa wa Aujeszky huua mbwa ndani ya siku chache na hauna tiba.

Januari hadi Aprili epuka misonobari yenye viota vyeupe kama pamba. Viwavi wake hushuka chini wamefuatana mmoja mmoja kama msafara, na manyoya yao huunguza ulimi hadi kipande kikafa. Mbwa akianza ghafla kutoa mate na kujikuna mdomo, suuza kwa maji mengi bila kusugua (kusugua huvunja manyoya na kuongeza sumu), kisha kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

Jioni, kabla hujavua viatu, mlaze chali. Tenganisha vidole vyake: kuanzia Mei masuke makavu ya nyasi huchoma hapo na kuzama, na dalili ya kwanza huwa uvimbe mdogo anaoulamba bila kukoma. Chungulia masikio. Kupe mng'oe kwa ndoano maalumu ya kupe, ukiizungusha karibu na ngozi. Usimpake mafuta, maana kupe anayekosa pumzi hutapika ndani ya jeraha. Kupe wa huko hueneza piroplasmosi, binamu wa ule ugonjwa wa kukojoa damu wanaoujua wafuga ng'ombe, lakini kwa kawaida huhitaji siku moja au mbili akiwa amejibandika ndipo aambukize. Kwa hiyo ukaguzi wa kila jioni una faida kubwa. Kwa wiki tatu baada ya safari angalia mkojo: ukiwa na rangi ya kahawa, na mbwa amekataa kula, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.